Wimbo wa Zamani, Sauti Mpya: Je, Tunaurithi au Tunautumia?

Wapendwa vijana wenzangu, leo naomba tutafakari jambo ambalo wengi wetu tunaoimba kwaya tumelipitia, ila mara nyingi tunalimaliza kwa kununiana badala ya kulifikiri. Ni hili: mtu akichukua wimbo mtakatifu wa zamani, ulioimbwa na kusaliwa na vizazi na vizazi, akauvika muziki mpya, je, anauheshimu au anaudharau? Na sisi tunaouimba upya, tunaurithi au tunautumia tu?

Nianze na kisa chetu, maana kama nisingekosea mimi mwenyewe, nisingekuwa na haja ya kuandika haya.

Kwaresima iliyopita, mwalimu wetu wa kwaya alituletea nota mpya kwa ajili ya Alhamisi Kuu. Ulikuwa ni wimbo wa Ubi Caritas uliotungwa na Ola Gjeilo, mtunzi kutoka Norwe aliyezaliwa mwaka 1978. Tuliusikiliza kwanza kwenye simu, tumejazana kuizunguka. Kusema kweli, mwili ulinisisimka. Sauti zinapishana polepole, halafu zinafunguka kama mapambazuko. Nikasema moyoni, huu ndio wimbo. Nikaongeza na jambo jingine ambalo sikulisema kwa sauti: tukiurekodi huu, tutajulikana.

Katika kwaya yetu yupo mzee mmoja wa besi, ana zaidi ya miaka sabini na tano. Alisoma seminari ndogo miaka ya sitini, akatoka, akaoa, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Wimbo wa Ubi Caritas wa Kigregoriani anaujua kwa moyo, hahitaji karatasi. Alisikiliza ile simu mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Ni mzuri. Lakini wimbo wetu upo. Kwa nini tuuache?"

Wengine wakaanza kunung'unika. Mimi nikasimama. Nikasema mbele ya watu wote, "Mzee, muda wenu umepita. Mwachieni kijana naye amwimbie Mungu."

Hakunijibu. Alikunja karatasi zake, akaziweka kwenye mfuko wa koti, akaaga kwa heshima, akaondoka. Mazoezi mawili yaliyofuata hakuja.

Sasa fikirini. Ubi Caritas maana yake ni palipo na upendo. Ujumbe wake wote ni kwamba upendo wa Kristo umetukusanya tuwe kitu kimoja, na kwamba tujihadhari tusije tukagawanyika mioyo. Unaomba magomvi maovu yakome. Na sisi tulikuwa tunagombana kuhusu namna ya kuuimba! Usiku ule sikulala vizuri. Nikaanza kuusoma wimbo wenyewe, historia yake, na watu walioufanya upya. Niliyoyakuta yalinipunguzia kiburi kidogo kidogo.

Kwanza, ni wimbo wa zamani sana, umri wake ni takribani miaka elfu moja au zaidi. Kwa karne nyingi umeambatana na Alhamisi Kuu, na tendo la kuosha miguu. Siku hizi Misale inauweka wakati wa maandamano ya vipaji katika Misa ya Karamu ya Bwana. Mwaka 1960, Mfaransa Maurice Duruflé alitoa moteti nne zilizojengwa juu ya nyimbo za Kigregoriani, na wa kwanza ni huu. Duruflé hakuigusa melodia ya zamani. Aliipa sauti za wanawake za chini, akaizungushia sauti za wanaume, mapigo yakawa yanabadilika badilika ili kufuata maneno kama yanavyofuatwa katika Kigregoriani. Ukiujua wimbo wa zamani, unamsikia bibi yako amevaa kitenge kipya. Ni yule yule.

Gjeilo yeye alifanya tofauti. Ameeleza mwenyewe kwamba utunzi wa Duruflé ndio uliomfungulia mlango akiwa kijana katika kwaya ya shule. Lakini katika wimbo wake hakuichukua melodia ya Kigregoriani. Alichukua maneno, na akachukua ile pumzi ya Kigregoriani, ule utulivu na ule mwendo usio na haraka, kisha akatunga melodia yake.

Yupo na Paul Mealor wa Wales. Ubi Caritas yake iliimbwa Westminster Abbey tarehe 29 Aprili 2011, kwenye harusi ya mwanamfalme William na Catherine, ikasikika dunia nzima. Na muziki ule aliuandika kwanza kwa ajili ya shairi la mapenzi la Tennyson! Baadaye ndipo akauwekea maneno ya Ubi Caritas.

Tazama basi ngazi hii. Mmoja ameishika melodia na kubadilisha vazi. Wa pili ameacha melodia lakini ameshika maneno na roho. Wa tatu ameshika maneno na kuyapa muziki uliotoka kwenye shairi la mapenzi. Je, kuna mahali katika ngazi hii ambapo wimbo unaacha kuwa mtakatifu? Nani anaweza kuonyesha kidole akasema, hapa ndipo?

Wengine watasema, ni pale unapoingiza muziki wa dunia. Hoja hii naiheshimu, maana hata kwetu wapo wanaochukua melodia ya wimbo wa disko, wakatia jina la Yesu, wakasema ni wimbo wa Misa. Lakini tuwe waangalifu. Ile melodia ya wimbo wa Mateso ambao Wakristo wengi duniani huuimba wakati wa Kwaresima, ule wa kichwa cha Bwana kilichojeruhiwa, asili yake ni wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler uliochapishwa mwaka 1601. Leo nani akiusikia anafikiria mambo ya uchumba? Karne nne za machozi zimeusafisha. Kwa hiyo mahali wimbo ulipotoka, peke yake, hapatoshi kuuhukumu. Lakini pia kusafika huko hakukutokea kwa siku moja, wala kwa sababu mtu ameamua tu. Wimbo wa disko wa wiki iliyopita bado una harufu ya disko, na anayeusikia kanisani atakumbuka alikocheza Jumamosi.

Wengine watasema, ni pale unapobadilisha kile tulichozoea. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayoumiza kuliko zote. Nitarudi kwake.

Mimi naona swali la "wimbo umebadilika kiasi gani" halitatupeleka mbali. Chukua mfano wa kanisa la parokia. Mabati ya zamani yaliondolewa, yakaja mapya. Mabenchi yalibadilishwa. Sakafu ikawekwa vigae. Altare ilisogezwa. Ukiwauliza watu, watakwambia ni kanisa lile lile walilobatiziwa. Kwa nini? Kwa sababu waliolibadilisha ni watu wa nyumba ile, wanaolala na funguo zake, na walilibadilisha ili ile sala iliyokuwa ikisaliwa pale iendelee. Angekuja mtu akalinunua, asibadilishe hata msumari mmoja, akaligeuza ukumbi wa sherehe, tungesema kanisa letu limekufa. Kwa hiyo kitu kinaweza kubadilika kingi kikabaki kile kile, na kinaweza kisibadilike hata kidogo kikawa kimepotea. Kinachokitunza ni sala iliyomo, na watu wanaoipokea sala hiyo kutoka kwa waliotangulia.

Hapo ndipo nilipojikuta nimekamatwa. Duruflé alilelewa tangu utoto katika shule ya kwaya ya kanisa kuu la Rouen, akiimba Kigregoriani siku kwa siku. Alipokuja kuigusa melodia ya zamani, alikuwa mwenyeji wake. Na mimi je? Nilikuwa nataka tuuache wimbo ambao hata siujui. Sikuwahi kuuimba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia mzee muda wao umepita, kumbe mimi hata muda wao sikuwahi kuuingia. Huwezi kukataa urithi ambao hujafungua hata sanduku lake. Huko si kufanya upya, ni kutupa.

Kuna jambo la pili lililonichoma. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anajichunguza kuhusu uimbaji kanisani. Anasema kuna nyakati anaguswa na uimbaji zaidi ya kile kinachoimbwa, na anakiri kwamba hapo anatenda dhambi, afadhali asingemsikia mwimbaji. Anamkumbuka Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria, ambaye inasemekana alimtaka msomaji wa zaburi aimbe kwa kupandisha sauti kidogo mno hata ifanane na kusema. Lakini Augustino haishii hapo. Anakumbuka machozi aliyoyatoa kwa nyimbo za Kanisa siku za mwanzo wa uongofu wake, na anaelekea kukubali kwamba uimbaji ubaki, ili kwa raha ya masikio moyo dhaifu uinuke.

Tazameni unyofu wa mtu huyu. Hasemi uzuri ni mbaya. Wala hasemi kila kinachonisisimua ni Roho Mtakatifu. Anabaki katikati, akijipeleleza. Sisi siku hizi tunapenda kusema, "Wimbo huu una upako, mpaka nywele zimesimama." Jamani, nywele husimama hata timu yako ikifunga bao dakika ya tisini. Swali ni msisimko ule umekupeleka wapi. Mimi ulinipeleka kwenye ndoto ya kurekodi, kisha ukanipeleka kumdhalilisha mzee mbele ya watoto anaoweza kuwa babu yao. Wimbo haukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele ya dirisha nikijitazama kwenye kioo chake, badala ya kutazama nje.

Jumanne ya Juma Kuu nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani. Nikamwambia, "Shikamoo, baba." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda." Hakuniuliza nimefuata nini. Tukapukuchua wote kimya kwa muda. Mwisho nikasema, "Baba, nilikukosea. Nimekuja kuomba msamaha. Na nimekuja unifundishe ule wimbo."

Akacheka kidogo. Halafu akanisimulia jambo ambalo sikulitegemea.

Alisema baba yake alikuwa katekista. Miaka hiyo walifundishwa kwamba ngoma ni ya kipagani, haiingii kanisani, na katekista yule alikuwa amewafundisha hivyo watu wa kigango kizima kwa moyo wote. Ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Konstitusio juu ya Liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, ikautaja uimbaji wa Kigregoriani kuwa wa kwanza kwa heshima katika liturujia ya Kirumi, na ikasema pia kwamba katika nchi za misioni muziki wa watu wenyewe upewe nafasi na heshima yake. Miaka michache baadaye ngoma ilipigwa kanisani kwao kwa mara ya kwanza. Na mmoja wa vijana walioipigania alikuwa ni yeye, huyu mzee wangu.

"Baba aliinama tangu Utukufu mpaka baraka," akaniambia. "Tulipotoka nje nikamwambia, baba, nyakati zimebadilika. Hakunijibu."

Nikamwuliza, "Aliizoea mwishoni?"

"Hakuizoea mpaka anakufa. Lakini hakuacha kuja. Kila Jumapili alikaa benchi lile lile, ngoma inapigwa, ameinama. Ndipo nilipojua ananipenda."

Ndugu zangu, nimeyafikiri sana maneno hayo. Nilisema nitarudi kwenye hoja ya mazoea. Ni kweli mazoea si ukweli. Wimbo hauwi wa milele kwa sababu ndio niliousikia kwanza. Kile Kigregoriani tunachokiita cha kwetu kilikuja na wamisionari kutoka mbali kama zilivyotoka mbali nota za Gjeilo. Tofauti ni kwamba hicho kilitangulia kufika, kikalia nasi kwenye misiba yetu. Lakini mazoea ya mtu si kitu cha kukanyaga. Ndani ya mazoea yake kuna mama yake aliyemfundisha kusali, kuna marafiki wa seminari waliokwisha kufa, kuna Alhamisi Kuu sitini alizompigia Bwana magoti. Ukimwambia muda wako umepita, umeyaambia hayo yote kwamba yamepita. Na Kanisa halisemi hivyo juu ya wafu wake. Sisi tunasadiki ushirika wa watakatifu.

Basi nionavyo mimi, kufanya upya wimbo mtakatifu ni halali na ni vizuri, kwa sharti kwamba anayefanya hivyo amekubali kwanza kuwa mtoto wa wimbo ule. Ajifunze. Ausali. Ajue alioupokea kwao. Kisha aseme kwa sauti yake kile kile walichokisema wao. Na anayelinda wimbo wa zamani naye ana sharti lake: akumbuke kwamba na yeye alikuwa kijana, na kwamba sala aliyoipenda hata yeye aliipewa, hakuitunga. Wote wawili, mwenye jipya na mwenye la kale, wanaweza kulitumia neno "heshima kwa Mungu" kuficha heshima yao wenyewe. Mimi nililitumia hivyo.

Mzee alinifundisha ule wimbo jioni ile na kesho yake. Mara ya tatu nikaanza kuelewa kwa nini Gjeilo aliacha pumzi zile ndefu. Bila Kigregoriani nilikuwa naziona kama nafasi tupu za kuhesabu. Kumbe ni mahali pa kusali.

Alhamisi Kuu hatukuuimba wimbo mpya. Haukuwa umeiva, na kusema kweli hata sisi hatukuwa tumeiva. Tuliimba Kigregoriani wakati wa vipaji, wanaume peke yao, mzee akiongoza. Ule wa Gjeilo tuliuimba baadaye, Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, wakati wa shukrani baada ya komunyo. Mzee aliimba besi, miwani ikiwa puani, akifuata karatasi kwa kidole kama mwanafunzi.

Nisiwafiche, swali halikuisha. Baada ya Misa mama mmoja wa jumuiya yetu alinishika mkono akasema, "Mmeimba vizuri, wanangu. Ila mimi sikuweza kuimba nanyi." Sikuwa na jibu la haraka. Najua maelekezo ya Musicam Sacram ya tarehe 5 Machi 1967 yanafundisha kwamba waamini hushiriki pia kwa kusikiliza, wakiinua mioyo yao kwa kile kinachoimbwa na kwaya. Lakini maelekezo hayo hayo hayakubali kwaya ichukue uimbaji wote na kuwaacha watu bubu. Kwa hiyo tulikubaliana: wimbo mmoja wa namna hiyo katika Misa, si zaidi, na nyimbo nyingine mama yule aziimbe kwa sauti yake yote. Labda tumepatia, labda bado. Tutaendelea kumwuliza yeye.

Kijana mwenzangu, kabla hujabadilisha chochote katika kwaya yako, au hujakataa chochote, jiulize: wimbo huu wa zamani naujua kweli? Ninachokitaka hapa ni Mungu asifiwe, au ni mimi nisikike? Na baada ya kuimba, kuna mtu katika kwaya hii ambaye sisalimiani naye? Kama yupo, mwendee kwanza. Bwana mwenyewe alisema tuiache sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu. Sidhani kama alizisahau nota.

Tuombe: Ee Bwana, uliyewaosha miguu mitume wako, tuoshe na masikio na midomo. Tufundishe kupokea bila kudharau na kutoa bila kujivuna, ili wakubwa na wadogo tukusifu kwa moyo mmoja. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!